Kipindi cha 31: Mchanga mpya kwenye tangi la zamani

SALMA: Karibuni tena. Mkisikia sauti ya Rashid leo imelegea, mjue ni lile tangi.

RASHID: Ni tangi, da Salma. Tangu Jumanne sijapata usingizi wa maana.

SALMA: Haya, waeleze.

RASHID: Tangi langu la samaki wa maji chumvi mnalijua, lita 300, linaingia mwaka wa nne. Mchanga ulishapungua, upande wa pampu kioo cha chini kiko wazi kabisa. Nikanunua mifuko miwili ya kilo kumi kumi. Saa nne usiku nikaifungua, nikamimina yote, pampu zinazunguka.

SALMA: Hukuosha.

RASHID: Sikuosha. Maji yakawa tui, tena tui la kwanza. Samaki siwaoni, matumbawe siyaoni, naona mwanga tu. Nikatia mkono nisawazishe mchanga wa zamani, ikatoka harufu ya mayai viza.

SALMA: Uliponipigia simu, hiyo harufu ndiyo iliyonitisha. Tui litatua lenyewe. Lakini mchanga wa miaka minne umezika uchafu mwingi, na kule chini oksijeni isikofika kuna gesi ya sumu. Ukiutibua unaifungulia mlango. Halafu bakteria wanaokula amonia, ile sumu ya uchafu wa samaki, wanaishi juu ya zile chembe za mchanga. Ukiwafukia kwa mkupuo mmoja wanakosa hewa.

RASHID: Alhamisi kipimo kikaonyesha amonia. Nikabadilisha robo ya maji, kesho yake robo nyingine. Kamba wangu akafa, yule mwekundu mwenye mstari mweupe mgongoni. Miaka miwili nikitia mkono anapanda, ananisafisha kucha moja moja. Imeniuma sana.

SALMA: Pole, mdogo wangu. Haya, tuna mafunzo matano leo. La kwanza: osha kwenye ndoo, uvuruge kwa mkono, umwage, urudie mpaka maji yatoke safi. Mara ya mwisho suuza kwa maji chumvi. La pili: usimalize mfuko. Tia robo, subiri wiki, pima amonia, ndipo uongeze. Zima pampu, chukua bomba la plastiki lifike chini kabisa, mimina kwa kikombe kupitia humo. Mchanga utue pale unapoutaka.

RASHID: Kabla ya la tatu, nisemee tumbawe. Nilikaa nalo mpaka saa nane, naupuliza mchanga kwa bomba la sindano, taratibu. Nikaona linatoa ute, kama ute wa yai. Ute unakusanya chembe, unateleza nazo mpaka ukingoni, zinaanguka. Mnyama asiye na mkono anajipangusa!

SALMA: Kama samaki pono na shuka lake.

RASHID: Shuka gani?

SALMA: Hulijui? Babangu alikuwa mvuvi. Mtoto akichelewa kuamka kwetu, analala usingizi wa pono. Sikufikiria hilo neno limetoka wapi mpaka siku moja akanipeleka na taa usiku, maji yametoka. Pono amelala kwenye ufa wa mwamba, amejifunika mfuko wa ute mwili mzima, unaangaza kama karatasi ya nailoni. Unamsogelea, hastuki. Si pono wote, lakini aina kadhaa hujishonea mfuko huo kila usiku. Wadudu wanyonya damu wanashindwa kumfikia.

RASHID: Kumbe wahenga walishamwona.

SALMA: Na asubuhi akiamka anakutengenezea mchanga. Lile domo lake linakwangua mwani kwenye mwamba wa tumbawe, kooni ana meno ya kusaga, nyuma unatoka mchanga mweupe. Ukipiga mbizi unamsikia: kru, kru. Pono mkubwa hutoa mamia ya kilo kwa mwaka.

RASHID: Basi kilo zangu 20 ni kazi ya pono.

SALMA: Huo wako sidhani. Mchanga mwingi wa mifuko unachimbwa Bahamas, chembe za duara kama mayai ya samaki. Zile chokaa imezivika tabaka juu ya tabaka majini, hazikupita tumboni mwa pono. Ndiyo maana nashangaa: unalipia mchanga uliovuka bahari mbili, na wa pono uko nyuma ya nyumba yetu.

RASHID: Hapo tunaachana, da Salma. Mchanga wa pwani usiguswe.

SALMA: Sisemi wa hifadhini. Watamu na Malindi ni hifadhi tangu 1968, hata kombe huokoti. Nasema ndoo moja, kwetu kusini, mbali na mji. Dondoshea siki: wa tumbawe unatokota. Ule uliokuja na ndara zangu kutoka Watamu ulitokota kama soda. Wa Malindi, ule mweusi unaoletwa na mto Sabaki, ulikaa kimya.

RASHID: Siki haikuonyeshi shaba. Rangi za matumbo ya vyombo vya baharini zina shaba, na shaba ni kifo cha kamba na matumbawe. Na ndoo yako si moja. Tunasikilizwa na wangapi? Kila mmoja ndoo moja, na pono tunawavua kila siku. Nani atarudisha?

SALMA: Na Bahamas nani anarudisha? Au kwa kuwa hatuwaoni?

RASHID: Hilo sina jibu. Lakini sichoti.

SALMA: Nami sinunui. Babangu alichota kusakafia ua, ufuo uko pale pale.

RASHID: Uko pale pale, au umesogea? Mnazi ule wa mwisho ulikuwa wapi ukiwa mdogo?

SALMA: Mnazi uliangushwa na upepo.

RASHID: Sawa.

SALMA: Sawa nini? Hukubali.

RASHID: Sikubali.

SALMA: Adhana hiyo. Na mafunzo matatu hatujayagusa, hata ule ukungu wa kahawia unaotokea juu ya mchanga mpya. Rashid, umeshauona?

RASHID: Umeanza leo asubuhi, kona ya kushoto.

SALMA: Usiukwangue. Pima amonia usiku huu, unipigie.

RASHID: Hata saa sita?

SALMA: Hata saa nane.