Mawazo Yaliyopindua Dunia: Tuwasome na Waliokataa

ZUHURA: Karibuni tena kipindini. Leo tunazungumzia zile kozi za lazima ambazo katika baadhi ya vyuo vikuu kila mwanafunzi anazipitia, awe wa uhasibu, uhandisi au uuguzi. Hasa ile ya mawazo na ugunduzi uliobadilisha dunia. Daudi, wewe unaifundisha.

DAUDI: Naifundisha, dada, na swali la kwanza kila muhula ni lilelile: "Mwalimu, mimi nasoma uhasibu, huyu Copernicus ananihusu nini?"

ZUHURA: Na ana haki ya kuuliza! Kama kozi yenyewe ni majina na miaka, Copernicus 1543, Darwin 1859, mtu anakariri, anajibia mtihani, kesho kasahau.

DAUDI: Ndiyo maana siku hizi naanza na waliokataa. Copernicus alisema dunia ndiyo inayolizunguka jua. Tumezoea kusimuliwa kwamba waliompinga walikuwa wajinga, au watu wa kanisa tu. Sasa mtazame Tycho Brahe, aliyepima nyota kwa usahihi kuliko yeyote kabla ya darubini. Moja ya hoja zake: kama dunia inazunguka, leo tuko upande huu wa jua, na baada ya miezi sita tuko upande wa pili. Nyota za karibu zilipaswa zionekane zimesogea. Akapima. Wala.

ZUHURA: Ngoja kwanza. Kwa hiyo ushahidi ulikuwa upande wake?

DAUDI: Kwa vyombo alivyokuwa navyo, ndiyo. Nyota ziko mbali mno. Msogeo wenyewe alikuja kuupima mwanaastronomia Mjerumani, Bessel, mwaka 1838, kwenye nyota iitwayo 61 Cygni. Igawe digrii moja vipande 3,600, halafu chukua zaidi kidogo ya nusu ya kipande kimoja. Ndio huo. Jicho tupu lingeuona wapi?

ZUHURA: Karibu miaka 300 baada ya Copernicus! Lakini wataalamu walishakubali zamani.

DAUDI: Walishakubali kwa sababu nyingine: Kepler, Galileo na darubini yake, kisha Newton. Basi nawauliza darasani: ungekuwepo mwaka 1590, vipimo vya Tycho viko mezani, ungesimama wapi? Wanaokimbilia kusema "kwa Copernicus" nawaambia wataje sababu iliyojulikana mwaka huo. Kimya! Yule wa uhasibu mara nyingi ndiye anayeshtuka mapema, maana kuuliza "hii imethibitishwa na nini" ndiyo kazi anayoisomea.

ZUHURA: Mimi nina wasiwasi, kaka. Ukimwambia kijana wataalamu walikosea, si atatoka hapo akiamini kila anayepingwa ni Galileo mpya, yaani yuko sahihi ila hajaeleweka? Mitandaoni wamejaa.

DAUDI: Wasiwasi wa kweli huo. Ndiyo maana lazima wasome na mapinduzi yaliyofeli. Mwaka 1903 mwanafizikia Mfaransa, Blondlot, alitangaza miale mipya, akaiita miale ya N. Wanasayansi kadhaa wakasema nao wameiona. Mwaka 1904 akaja Mmarekani, Robert Wood, kutazama jaribio. Chumba giza totoro. Akanyoosha mkono taratibu, akachomoa mche wa alumini, kile kipande cha pembe tatu kilichotakiwa kuipinda miale...

ZUHURA: (anacheka) Usiniambie.

DAUDI: ...na vipimo vikaendelea kusomwa kama kawaida! Miale yenyewe haikuwepo.

ZUHURA: Hiyo kwenye silabasi nyingi huikuti.

DAUDI: Silabasi hupenda washindi. Halafu kuna wingi wa wanafunzi. Ukumbi wa watu mia tatu unabeba slaidi, haubebi ubishi. Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kina kozi ya lazima ya namna hii tangu 1919, na huifundisha kwa vikundi vidogo. Hapo unahitaji walimu wengi, na walimu ni fedha.

ZUHURA: Na mtihani unautungaje?

DAUDI: Natoa madai mawili bila majina, moja lilishinda, jingine lilianguka, pamoja na ushahidi wa wakati ule tu. Andika ungetaka kuona nini kabla ya kukubali. Asiyetaja kipimo hapati alama, hata akimtambua mshindi.

ZUHURA: Watakuwa wanakata rufaa hao!

DAUDI: Tena kwa wingi. Anayekuja na hoja namwongezea.