Mbio za Chai za 1866: Nani Aliyezivuta Merikebu?

Mwenyekiti, walimu wenzangu, na wanafunzi wa ubaharia, wale walionisikia siku za nyuma wanajua tayari ninakoelekea, yaani kwamba mbio za merikebu za chai ziliamuliwa na mvuke pia wala si na upepo peke yake, nami nitaelekea huko huko, kwa sababu picha ile ingali inachorwa vilevile: merikebu ya chai imetweka matanga yote, bahari imechafuka, na angani hakuna hata chembe ya moshi. Sina ugomvi na wachoraji. Ugomvi wangu ni na sisi tunaoitundika picha hiyo ukutani kisha tukaifundisha kana kwamba ni historia.

Chukueni mbio mashuhuri kuliko zote, zile za mwaka 1866, kutoka Fuzhou, Uchina, hadi London. Chai ya kwanza ya msimu iliteremka kwa Mto Min kutoka Fuzhou, matishali yakazizunguka merikebu usiku na mchana, na makuli wa Kichina wakayapanga makasha juu ya farumi ya kokoto, uzito wa kukituliza chombo, kwa ustadi wa kuhakikisha kwamba shehena haichezi hata chombo kikilalia upande mmoja kwa siku nyingi. Ariel ilikuwa ya kwanza kumaliza kupakia, ikiwa na ratili 1,230,900 za chai, na jioni ya tarehe 28 Mei ikang'oa nanga. Kwa matanga? La hasha. Ilivutwa na tagi, yaani chombo kidogo cha kuvutia meli, ya mvuke yenye magurudumu ya pembeni, iitwayo Island Queen, ambayo haikuwa na nguvu za kuimudu merikebu nzito namna ile penye mkondo mkali. Maji yakapwa, Ariel ikatia nanga tena. Kapteni Keay wa Ariel, mwenye chombo chenye kasi kama kile, akabaki kuitazama mshindani wake Fiery Cross, iliyoondoka takriban saa 12 baada yake, ikimpita nyuma ya tagi bora na kwenda zake baharini, kwa kuwa yenyewe haikuzama sana majini. Ariel ilivuka fungu la mchanga la mlangoni mwa mto tarehe 30, pamoja na washindani wengine, Taeping na Serica. Mpaka hapo upepo ulikuwa haujaulizwa neno.

Safari yenyewe sitaisimulia, kwa kuwa ndiyo mnayoijua: Mlango wa Sunda, kisha pepo za kusi-mashariki, ndugu wa kusi tunayoijua sisi, zikizisukuma merikebu kusini mwa Madagaska kwa zaidi ya maili 300 katika siku iliyo njema, halafu Rasi ya Tumaini Jema na Atlantiki. Tarehe 6 Septemba, baada ya siku 99, Ariel na Taeping zikafika mbele ya Deal, mji wa pwani ya Uingereza, zikiachana kwa dakika kama 10, Ariel ikiwa mbele. Na hapo, mabibi na mabwana, tagi zikarudi. Ile ya Taeping ilikuwa na nguvu zaidi, ikaifikisha Gravesend, kwenye Mto Thames, karibu saa nzima kabla ya mwenzake. Mwishoni Ariel ikasimama nje ya lango la East India Dock ikisubiri maji yajae kiasi cha kuipitisha, na Taeping, isiyohitaji kina kikubwa hivyo, ikaingia London Docks dakika 28 kabla yake. Serica nayo ikaingia usiku uleule.

Najua kuna atakayesema kwamba saa chache za kuvutwa si kitu mbele ya siku 99 za upepo. Hoja hiyo naipokea kwa mikono miwili, kwa sababu inanisaidia mimi. Upepo ulikwisha kutoa hukumu yake, na hukumu ilikuwa karibu sare. Lakini bahashishi, yaani malipo ya ziada, ya shilingi 10 kwa kila tani ilikuwa ya merikebu itakayotangulia kutia gati, wala si ya ile itakayotangulia kuonekana. Wahusika wenyewe walilielewa hilo kuliko sisi, ndiyo maana, kwa kuogopa mzozo, walikubaliana kugawana fedha. Nayo chai nyingi ilipofika sokoni kwa mkupuo mmoja bei ikaporomoka, na bahashishi ya namna hiyo haikutolewa tena.

Wala sijaitaja Erl King, iliyokuwa na matanga na injini ya mvuke pamoja. Iliondoka Fuzhou siku kadhaa baada ya hizo zote, ikatumia siku 77, na ilikuwa London wiki mbili na zaidi kabla watu hawajaanza kubishana juu ya dakika 28. Mchoraji gani aliyeichora?

Mwenyekiti ananionyesha saa. Suez, basi, kwa haraka: mfereji ulifunguliwa tarehe 17 Novemba 1869, siku tano kabla Cutty Sark, merikebu nyingine ya chai, haijashushwa majini Dumbarton, Uskoti, na merikebu za matanga hazikuweza kuutumia kwa faida, kwa sababu ya pepo za mbele na shwari za Bahari ya Shamu, na gharama ya kuvutwa. Tagi tena! Cutty Sark ilibeba chai kwa mara ya mwisho mwaka 1877, kisha ikahamia sufu ya Australia. Kisa cha usukani wake uliopotea mwaka 1872, iliposhindana na merikebu Thermopylae, nilikusudia kukisimulia, lakini kitangoja. Swali la kwanza nampa yule kijana wa nyuma, ambaye amekuwa akitikisa kichwa tangu nilipoitaja Island Queen.