Taifodi, shanga na kidani kimoja

BARAKA: Karibuni tena, wasikilizaji. Tuko Sinza, mvua imeanza, mkisikia bati linalia ndiyo hiyo. Dada Zuhura, leo naanza na mama yangu. Mwaka huu ameambiwa ana taifodi mara tatu. Zahanati siitaji. Kila mara anapimwa Widal, kila mara anarudi na sipro, ile antibayotiki. Hicho kipimo kinaona nini hasa?

ZUHURA: Mpe pole mama, na shikamoo yangu imfikie. Kinaona kingamwili, Baraka, zile silaha mwili unazotengeneza kushika vijidudu. Bakteria mwenyewe hakimwoni. Nimekifanya miaka mingi maabara. Unaweka tone la seramu, yale maji ya damu, kwenye slaidi nyeupe, unaongeza tone la kitendanishi cha bluu, yaani dawa ya kupimia, hicho ndicho O. Chekundu ni H, cha mikia anayoogelea nayo bakteria. Unatikisa taratibu dakika moja. Kingamwili zikiwepo, ile bluu inakuwa punje punje, kama maziwa yaliyokatika.

BARAKA: Na hiyo O ni kitu gani?

ZUHURA: Ni sukari! Bakteria wa taifodi, Salmonella Typhi, ana ngozi ya nje yenye mafuta, na kwenye mafuta hayo zimeota nyuzi ndefu za sukari. Umewahi kuona shanga za kiunoni zinavyotungwa Kariakoo? Rangi tatu, halafu zinarudia, zinarudia. Ndivyo ilivyo. Galaktozi, manozi, ramnozi, tena galaktozi, manozi, ramnozi. Ila kwenye kila manozi kinaning'inia kidani kidogo pembeni, sukari moja tu. Kwa Typhi kidani hicho kinaitwa taivelozi.

BARAKA: Na ndugu zake?

ZUHURA: Paratyphi A ana shanga zile zile, kidani chake ni paratozi. Typhimurium, yule wa kuharisha, naye rangi zake ni hizo hizo tatu, kidani ni abekwozi. Sasa sikiliza vizuri. Vidani vyote vitatu vina atomi zile zile, idadi ile ile. Tofauti ni makundi ya oksijeni na haidrojeni yameelekea upande gani. Typhi anatengeneza paratozi kwanza, halafu kimeng'enya kimoja, yaani protini ya kubadili vitu, kinaigeuza kuwa taivelozi. Paratyphi A jeni ya kimeng'enya hicho imeharibika, kwa hiyo anaishia kwenye paratozi. Na kinga ya mwili wako inaona tofauti hiyo! Mimi hilo hunisisimua mpaka leo.

BARAKA: Walijuaje, kitu kidogo namna hiyo?

ZUHURA: Ni wanasayansi wa miaka ya 1950, Otto Westphal na Otto Lüderitz kule Freiburg, Ujerumani, pamoja na Anne-Marie Staub wa Taasisi ya Pasteur, Paris. Ukichemsha nyuzi zile kwenye asidi hafifu, kidani kinadondoka kwanza, shanga zikiwa bado zimeshikana. Halafu unachukua kingamwili za O, unazipa sukari ile tupu. Zikiishika sukari, zinashindwa kumshika bakteria vizuri. Ukiona hivyo, umejua zilikuwa zinatafuta nini. Siku hizi kuna mashine za sumaku kubwa, unaweka sampuli kwenye kijineli chembamba cha kioo, inakusomea sukari gani imefungwa na gani, na kwa pembe ipi.

BARAKA: Sasa mama anaingiaje hapo?

ZUHURA: Hizo rangi tatu wanazochangia ndugu wote watatu, kuna kingamwili zinazozishika hizo. Na taivelozi yenyewe si ya Typhi peke yake, Salmonella mwingine, Enteritidis, anayo pia. Mama akiwa aliwahi kupata Salmonella mwenye shanga hizo, hata zamani, au ana malaria, ile bluu inaweza kukatika. Halafu anaandikiwa taifodi. Naumia nikiona hivyo, maana homa yake ya kweli haijatafutwa, na zile antibayotiki zinawafundisha bakteria usugu.

BARAKA: Kwa hiyo afanye nini?

ZUHURA: Kabla hajameza kidonge hata kimoja aulize kama kuna mahali wanaotesha damu. Majibu yanachukua siku kadhaa, na si kila zahanati ina uwezo huo, najua. Lakini bakteria akiota pale, umempata mwenyewe.

BARAKA: Na chanjo?

ZUHURA: Chanjo inalenga sukari nyingine kabisa, Vi. Ni koti ambalo Typhi analivaa juu ya shanga. Wanasayansi Felix na Pitt walilieleza mwaka 1934. Bakteria akiwa hai na koti lake, kingamwili za O hazimfikii. Ukimchemsha, koti linatoka, zinamshika. Shida ni kwamba mtoto chini ya miaka miwili mwili wake hauitambui vizuri sukari ikiwa peke yake. Ndipo wakaifunga Vi kwenye protini ya pepopunda iliyoondolewa sumu, na mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza kuanzia miezi 6.

BARAKA: Kumbe sukari imebebwa na protini.

ZUHURA: Ndiyo. Na mwanao ameshachomwa za namna hiyo pajani, ile ya nimonia. Mle ndani mna sukari za aina 13 za pneumokokasi, bakteria wa nimonia, kila moja imefungwa kwenye protini.

BARAKA: Kumi na tatu! Kadi yake iko nyumbani, nikifika naitazama. Na mama nampigia sasa hivi, kesho alikuwa arudi kupima tena.

ZUHURA: Mpigie. Mwambie sipro iliyobaki asianze.