Laki tano ya mtumishi, mfukoni inaingia shingapi?

BARAKA: Haya tumerudi, tunaongelea mishahara ya watumishi wa umma, na dada Zuhura ashaniwashia moto toka tukiwa nje huko, eti watumishi wanalialia sana.

ZUHURA: Sijasema wanalialia bwana! Nimesema kima cha chini kimetoka 370,000 mpaka laki tano, Julai 2025, hiyo ni asilimia 35.1, wakati muuza vitumbua wa Mbagala hana wa kumtangazia nyongeza Mei Mosi. Hata sekta binafsi kimepanda toka 275,060 mpaka 358,322, tena kuanzia Januari 2026.

BARAKA: Sawa, ila hiyo laki tano hebu tuisome kwenye salari slipu. PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, asilimia 5, elfu 25 imeenda. Bima ya afya asilimia 3, elfu 15. Kodi sasa, unatoa kwanza ile ya mfuko inabaki 475,000, laki mbili na sabini ya mwanzo haikatwi, inayozidi hapo asilimia 8, 16,400 hiyo. Chama cha wafanyakazi asilimia 2, elfu 10. Imebaki 433,600 na hajanunua hata nyanya.

ZUHURA: Mmh. Na akiwa na deni la Bodi ya Mikopo, ule mkopo wa chuo?

BARAKA: Asilimia 15 ya mshahara, elfu 75 nyingine! Halafu benki nao wana mkopo wao, sheria inataka ibaki angalau theluthi ya mshahara, basi ikishafika hapo anaenda kausha damu, wale wakopeshaji wa mtaani wa riba kubwa, anaacha kadi ya benki na namba ya siri, mshahara ukiingia anautoa mwingine.

ZUHURA: Hilo la kuacha kadi nimeliona kwa macho yangu aisee.

BARAKA: Na hao ni wa chini, mimi wanaoniuma zaidi ni wa katikati. Si unakumbuka 2022, asilimia 23.3, watu wakashangilia, slipu ya Julai inakuja mtu anakuta kaongezewa elfu ishirini, kumbe 23.3 ni ya kima cha chini, laki tatu kwenda 370,000, ukipanda ngazi asilimia inashuka. Ila mwenye nyumba yeye kasikia 23 tu, kodi ikapanda.

ZUHURA: Hahaha, wenye nyumba hao taarifa ya habari hawakosi! Ila Baraka, nesi wa zahanati anazalisha usiku peke yake kamulika na tochi ya simu, huyo mpe hata leo. Yule karani wa njoo kesho mtandao uko chini, huku anamenya karanga, naye aongezwe?

BARAKA: Wa karanga ana bosi wake, amshughulikie. Nesi asikoseshwe kwa ajili yake.

ZUHURA: Na hela inatoka wapi? Maana anayekamuliwa kodi ni huyo huyo wa vitumbua, akinunua mafuta ya kupikia kashalipa.

BARAKA: Anza na posho za vikao, semina za hotelini, mashangingi. Walimu wamedai posho ya kufundishia miaka na miaka wanaambiwa bajeti finyu, ila kikao cha siku tatu kinapata maji ya chupa, chai, bahasha.

ZUHURA: Hapo tuko pamoja. Sasa niambie, waraka wa kukata hizo bahasha utaandikwa na nani?

BARAKA: Itabidi waitishe kikao.

ZUHURA: Cha siku tatu!