Kushona Ala ya Bastola kwa Mkono, Hatua kwa Hatua, Kutoka Ngamiani, Tanga

Asalamu aleikum ndugu watazamaji, na karibuni katika karakana yetu ya ngozi hapa Ngamiani, mjini Tanga. Leo tunashona ala ya bastola ya kuvaliwa kiunoni, ambayo walinzi wengi huiita holista. Tazameni mezani: hakuna bastola. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inamtaka mwenye silaha awe na leseni, na fundi hana sababu ya kukaa na silaha ya mtu. Mteja huipima mwenyewe ikiwa haina risasi, nami humchongea kielelezo cha mbao chenye umbo na unene ule ule. Hiki nilichokishika ni cha mninga, na kimenichukua siku nzima, kwa sababu kosa la milimita mbili hapa litaonekana baadaye katika ngozi.

Kabla ya kukata, tuchague mtindo. Ala yenye kifuniko ndiyo iliyopendwa na majeshi, kwa kuwa hukinga mvua na tope, ingawa mvaaji hulazimika kuifungua kwanza. Maofisa wa Uingereza waliivaa pamoja na mkanda wa Sam Browne, wenye mshipi wa kupita begani, uliobuniwa na Samuel Browne, ofisa aliyepoteza mkono wa kushoto vitani India mwaka 1858. Ala ya California, ya miaka ya 1850, ni nyembamba na hufuata umbo la bastola. Mtindo wa Mexico, ulioenea Marekani miaka ya 1870, ndio ninaoustaajabia zaidi: kipande kimoja cha ngozi hukunjwa kwa nyuma kama pazia, pazia hilo hupasuliwa, kisha mfuko wenyewe hupitishwa katika mipasuo hiyo na kujishika bila msumari hata mmoja.

Katika miaka ya 1920, Tom Threepersons, askari wa El Paso huko Texas, alijulikana kwa ala fupi iliyoacha kifyatuo wazi ili mkono uwahi. Ala ya namna hiyo sishoni, hata mteja akinisihi, kwani kidole au pindo la shati likigusa kifyatuo, mguu wa mvaaji ndio ulio mbele ya mtutu. Kwangu, kifyatuo hufunikwa chote kwa ngozi ngumu. Kwa hiyo tutashona ala ya vipande viwili, ambayo jina lake la Kiingereza lina maana ya chapati ya maji, kwa sababu hulala bapa na kushikamana na kiuno.

Chagueni ngozi ya ng'ombe iliyotengenezwa kwa magome, yenye unene wa milimita 3. Magome ya mikoko ya pwani yetu na ya miwati ya nyanda za juu yote yana dawa ya kutengenezea ngozi. Ngozi ya kromu, ambayo mara nyingi huonyesha rangi ya kijivu-buluu ukiikata, ni laini na haishiki umbo. Chora kielelezo juu ya kadibodi, kisha uweke mstari wa mshono nje ya mchoro kwa umbali wa nusu ya unene wa bastola pamoja na unene wa ngozi: bastola ya milimita 28 itahitaji milimita 17. Kata vipande viwili vya ngozi kwa kufuata kadibodi hiyo, kisha pande zote mbili toboa mpasuo wa milimita 40 kwa ajili ya mkanda.

Gundisha kingo kwa gundi ya viatu, chora mfereji mwembamba ili uzi uzame, kisha weka alama za matundu kwa kugandamiza uma wa mezani, ambao meno yake hutoa nafasi sawa. Toboa kwa msharasi uliosimama wima. Tanga ni mji wa katani, na wengi huniuliza kwa nini sishonei katani. Nyuzi zake zina manyoya na hukwaruza tundu, hivyo natumia nailoni iliyopakwa nta, yenye urefu mara nne ya mshono. Sindano ni mbili, na zote hupita katika kila tundu zikitoka pande tofauti, ili uzi mmoja ukikatika, wa pili ubaki umeshika.

Sasa tuifinyange, na hapa msiharakishe. Tumbukiza ala katika maji ya vuguvugu kwa sekunde kama 15, hadi mapovu yapungue, kisha ingiza kielelezo kilichofungwa plastiki nyembamba. Vua pete na ukate kucha, kwa maana ngozi iliyolowa huhifadhi kila alama. Bonyeza kwa mpini laini wa mwiko kuzunguka kifyatuo mpaka mtaro wake uonekane hivi. Weka mbali vyombo vya chuma, kwani chuma kikigusa ngozi ya magome iliyolowa huacha doa jeusi lisilotoka kwa urahisi.

Ianike kivulini, penye upepo, siku mbili. Wakati wa masika, tatu au nne. Niliwahi kuweka ala ya mteja juu ya bati mchana ili niwahi ahadi, ikajikunja na kupasuka mdomoni, nikaanza upya kwa gharama yangu.

Ikikauka, piga kingo msasa, zilowanishe kidogo, zisugue kwa turubai hadi zing'ae, umalizie kwa nta ya nyuki. Msipake mafuta ya nazi kwa wingi, kwani hulegeza ngozi. Ijaribuni kwa kielelezo: igeuzeni juu chini na kuitikisa, isidondoke, kisha mkitoe, mdomo ubaki wazi bila kujifunga.

Mkabidhini mteja na neno hili: bastola isilale ndani ya ala, kwa sababu ngozi hushika unyevu wa hewa ya bahari na chuma kitaota kutu. Bastola irudi katika sanduku lake la chuma lenye kufuli, na ala itundikwe penye upepo.