Laptopu ya 2012, Wi-Fi ya leo

Shikamooni wakubwa. Vijana, hamjambo?

Laptopu hii iliyopo mezani ni ThinkPad X230 ya mwaka 2012. Kibodi yake bado nzima, nimeiwekea SSD, diski ya kasi isiyo na sehemu zinazozunguka, inawaka upesi. Mwalimu aliyeniletea alikuwa ameshaamua kuiuza kwa bei ya kutupa, maana alisema intaneti yake imekufa. Nikamwomba aweke simu yake kando ya laptopu, zote mbili kwenye ruta moja, tupime kasi. Simu ikasoma megabiti 38 kwa sekunde, laptopu ikasoma 6.

Kipimo hicho ndicho ninachowasihi mkifanye kabla ya kutoa hata shilingi. Kama simu nayo ingesoma 6, shida ingekuwa kwenye kifurushi au kwenye ruta, na adapta ya USB, kile kifaa kidogo cha kuchomeka kinachoipa laptopu Wi-Fi mpya, isingesaidia chochote. Nimeona watu wakinunua adapta, wakarudi nyumbani, hali ikabaki ileile. Inaniuma, kwa sababu fedha hiyo ni ada ya mtoto.

Sasa, kwa nini 6? Kadi ya ndani ya laptopu hii ilikuwa ya Wi-Fi 4, kiwango cha mwaka 2009, tena inashika masafa ya redio ya gigahezi 2.4 tu. Katika masafa hayo kuna chaneli tatu tu zisizoingiliana: 1, 6 na 11. Fikirieni ghorofa la Kariakoo lenye ruta kila mlango, zote zinagombania chaneli tatu, pamoja na Bluetooth na oveni za maikrowevu zinazopiga kelele humohumo.

Na hewa ni moja. Kwenye chaneli moja anasema mmoja, wengine wanasubiri. Anayesema polepole anashika zamu kwa muda mrefu kupeleka maneno yaleyale. Kwa hiyo laptopu ya zamani inayovuta faili kubwa haijichelewishi yenyewe tu, inawachelewesha na wenzake waliomo kwenye ruta hiyo. Walimu wenye maabara ya kompyuta, hili liangalieni sana: mkizihamishia masafa mengine laptopu mbili tatu za zamani kabisa, darasa zima linaweza kupumua.

Ndiyo maana nasema faida kubwa haiko kwenye namba mpya ya Wi-Fi. Iko kwenye kuhamia gigahezi 5, ambako chaneli ni nyingi zaidi. Adapta ya Wi-Fi 5, kiwango kilichotoka 2013, inawatosha wengi wenu. Wi-Fi 6 ni bora pale ruta yenyewe ni ya Wi-Fi 6 na vifaa ni vingi. Wi-Fi 6E, ya gigahezi 6, msiilipie kwa laptopu za namna hii. Kwenye Windows masafa hayo yanahitaji Windows 11, na Microsoft haiziungi mkono laptopu za umri huu kwenye Windows 11. Kumbukeni pia kwamba gigahezi 5 huchoka upesi ikikutana na kuta. Chumba cha tatu kutoka kwenye ruta, huenda 2.4 ikabaki kuwa mkombozi.

Mtu ataniuliza, fundi, kwa nini usibadilishe kadi ya ndani? Ningependa, kwa sababu antena za ndani zimepita kwenye kifuniko cha skrini, mahali pazuri kabisa. Lakini BIOS ya X230, programu inayoiwasha laptopu, ina orodha ya kadi inazozikubali. Ukiweka kadi ngeni, haiendelei kuwaka mpaka uitoe. USB haina masharti hayo.

Tuje kwenye boksi la adapta. Hili limeandikwa AX1800. Hiyo 1800 ni jumla ya megabiti 1,201 za gigahezi 5 na 574 za gigahezi 2.4, kisha wamekuza kidogo. Adapta hii hushika masafa mamoja kwa wakati, kwa hiyo jumla hiyo hutaiona kamwe. Tena angalieni tundu. USB 2.0 ni megabiti 480 kwa karatasi, kwa kweli hupitisha kama 300. X230 ina matundu mawili ya buluu upande wa kushoto, hayo ni USB 3.0. Lakini mwenye faiba ya megabiti 20 asihangaike, hata tundu la zamani litamtosha.

Adapta zile ndogo kama ukucha mimi sizipendi. Antena yake ni ndogo mno, na hupata moto. Bora yenye antena ya kukunja, au iwe na waya mfupi wa USB uisogeze mbali kidogo na laptopu. Waya huo unasaidia hasa ukiwa kwenye 2.4, kwa sababu USB 3.0 yenyewe hutoa kelele katika masafa hayo.

Draiva, programu inayoiwezesha kompyuta kuitumia adapta, ndiyo inayowatoa watu jasho. Baadhi ya adapta zina draiva ndani yake, ukichomeka inajitokeza kama CD. Isipojitokeza, unganisha simu kwa waya wa USB, washa kushiriki intaneti, upakue draiva kwa njia hiyo. Wanaotumia Linux, ulizeni chipu kabla ya jina la kampuni: MT7612U inatambuliwa na kerneli, kiini cha Linux, tangu toleo la 4.19, na MT7921AU tangu 5.18. Mwulizeni muuzaji toleo la adapta pia, maana jina lilelile linaweza kubeba chipu tofauti.

Mwisho, mkishachomeka, zimeni kadi ya zamani kwenye Device Manager, sehemu ya Windows ya kusimamia vifaa, la sivyo Windows inaweza kuendelea kuitumia mkadhani adapta ni mbovu. Ya huyu mwalimu nimeshaizima. Kijana wa mbele, njoo, chomeka hapa kwenye tundu la buluu, tupime.