Pangani Husomwa Kutokea Mtoni

Assalaam aleykum, na habari za jioni. Wazee wangu mlioketi mbele, shikamooni. Vijana mliokosa viti, poleni.

Nimeombwa nizungumze juu ya kutembelea Pangani, nami naanza na ombi. Mkifika, msikimbilie ufukweni. Nendeni mtoni kwanza. Kutoka Tanga mjini ni kilomita 50 hivi tu, lakini wageni wengi hufika, hupanda pantoni, huvuka Bweni na kwenda zao Ushongo kwenye mchanga. Mji wameuacha kama stendi ya kubadilishia gari. Hilo linaniuma, maana pale kando ya maji ndipo mambo yenyewe yalipofanyika.

Mto huu wa Pangani hunywa maji ya Kilimanjaro na Meru. Mito ya Kikuletwa na Ruvu hukutana katika bwawa la Nyumba ya Mungu, na safari nzima mpaka baharini ni kama kilomita 500. Karne ya 19 bonde lake ndilo lililokuwa njia. Misafara ya pembe za ndovu ilipangwa Pangani, ikafuata bonde kwenda Usambara, Upare, Kilimanjaro hadi Umasaini. Hata wapelelezi Waingereza Burton na Speke, mwaka 1857, kabla hawajaanza safari yao ya maziwa makuu, walipitia hapa kwenda Vuga kwa Kimweri, mfalme wa Usambara.

Na watu pia waliuzwa hapa. Wengine walisafirishwa, wengine walibakizwa kulima miwa katika mashamba ya kando ya mto, maana Pangani ilikuwa nchi ya sukari. Mkipelekwa kwenye Boma la zamani mtasimuliwa kwamba watumwa walizikwa hai chini ya nguzo zake. Sikilizeni masimulizi hayo kwa utulivu, kamera ikiwa mfukoni. Kisha tazameni mto pale mbele, muwakumbuke na wale wa mashamba ya miwa, ambao hawana hata nguzo ya kuonyeshwa.

Sasa nifike kwa Bushiri, na hapa mniwie radhi nikikaa kidogo. Aprili 1888 Sultani Khalifa wa Zanzibar aliipa kampuni ya Kijerumani mkataba wa kuendesha mambo ya pwani. Agosti, wakala wake wa Pangani, Emil von Zelewski, akalazimisha bendera ya kampuni ipandishwe, bila kumjali liwali, mwakilishi wa Sultani. Mji ukachemka. Bushiri bin Salim al-Harthi, aliyekuwa na shamba la miwa huko huko, akawa kiongozi, na vita vikaenea pwani. Serikali ya Ujerumani ikamtuma Hermann von Wissmann na jeshi la mamluki. Julai 1889 Pangani ikaanguka. Bushiri alikamatwa akanyongwa hapo hapo Pangani, tarehe 15 Desemba 1889. Zelewski naye aliuawa Lugalo mwaka 1891, na jeshi la Mkwawa.

Mimi namheshimu Bushiri kwa kukataa kutawaliwa. Lakini miwa ya Pangani ililimwa na watumwa, na anayewatembeza wageni akisema la kwanza akaficha la pili, amewapa nusu ya mji. Semeni yote mawili.

Baada ya vita kukaja mkonge. Mwaka 1893 Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika hai ni 62, ikapandwa Kikogwe, ng'ambo ya mto. Mashamba yote ya mkonge mnayoyapita njiani yana asili katika ile 62.

Basi mtembee vipi? Kwa miguu, asubuhi, mkitoa salamu kwa kila baraza. Ombeni ruhusa kabla ya kupiga picha, iwe ya mlango wa nakshi au ya mwenye mlango. Vaeni kwa staha. Halafu tafuteni mwenye boti, mpatane bei mkiwa bado nchi kavu, mumwulize maji yanajaa saa ngapi, kwa sababu saa za Pangani ni kujaa na kupwa. Mtapita mikoko, kisha minazi, na kelele za mji zitabaki nyuma.

Mwulizeni nahodha juu ya chumvi. Maji ya juu yanazuiwa na mabwawa na kumwagiliwa mashambani, basi bahari inapanda mtoni. Mwulizeni na Maziwe, kisiwa kilichokuwa na miti, kasa wakitaga mayai. Leo ni fungu la mchanga linalozama maji yakijaa. Haya nayo ni historia, na wanaoijua wako hai, hawajapewa kipaza sauti kama hiki nilichopewa mimi.

Mnaokuja kesho, tukutane gati la pantoni, upande wa mji, saa moja asubuhi. Chukueni kofia na maji ya kunywa. Tutavuka, tupande kilima cha Bweni tuutazame mji wote kutoka juu, kisha turudi tukapande boti.